Soda siyo dawa ya kichwa (sehemu ya 6)

Mama zangu wa Mikese, sisi tunaokaa kando ya barabara ya Dar–Morogoro, ajali za bodaboda tunazijua. Mgonjwa aliyeumia ubongo akiruhusiwa tu, nyumbani anapokelewa na soda na chipsi, eti "arudishe mwili". Mimi napinga! Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ila unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu zake. Ukiumia, mwili unataka protini zaidi: maharage, dagaa, mayai. Sukari ikipanda sana kwenye damu, ubongo uliojeruhiwa unazidi kuumia. Na akinenepa sana, kumgeuza kitandani ni kazi ya watu watatu (kiuno changu kinajua), vidonda vya mgongo navyo haviko mbali. Akipaliwa anapomeza, usiendelee kumlisha, mrudishe hospitali.