Mradi wa Sayansi ni wa Mtoto, si wa Baba

Msimu wa maonyesho ya sayansi mashuleni unapofika hapa Marekani, wazazi tunagawanyika makundi mawili. Wapo wanaokesha wakikata maboksi na kupaka rangi, ili mtoto apeleke volkano ya magadi na siki iliyotengenezwa na baba. Na wapo wanaosema: "Mimi Kiingereza changu cha kuombea maji, kamwulize mwalimu wako."

Kundi la pili ndilo linaloniuma. Humo wamo ndugu zetu wengi wanaofanya kazi za usiku, na mtoto anaondoka akiamini kwamba elimu iko kwa wengine, nyumbani kwao haipo.

Wazazi wenzangu, mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba wa sekondari ya Magamba, kule Lushoto, aliingiza maziwa ya moto kwenye jokofu kutengeneza aiskrimu. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa ya moto. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa na wanafunzi wakamcheka. Baadaye akamwuliza Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Naye alishangaa, lakini hakucheka, alikwenda kupima. Mwaka 1969 waliandika makala pamoja, na wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo mpaka leo.

Alichofanya Osborne hakihitaji Kiingereza. Mwulize mtoto kwa Kiswahili: unataka kujua nini? Utapimaje? Umerudia mara ngapi?

Na maswali tunayo. Bibi zetu walipoza maji kwenye mtungi bila umeme. Maji hupenya kwenye vitundu vya udongo, yanakauka kwa nje na kuondoka na joto. Tafuta chungu cha maua kisichopakwa rangi, zibeni tundu lake, mweke na chupa ya plastiki kando yake, maji ni yale yale. Mtoto apime kwa kipimajoto cha jikoni kila nusu saa. Jikoni kwenye unyevu huenda tofauti isionekane sana. Hilo nalo ni jibu, aliandike hivyo hivyo.

Mwandiko ukipinda, uache. Siku ya maonyesho majaji watamwuliza yeye, na wewe baba utakuwa umesimama pembeni.