Mbio za Kifaru na Shabaha Yake

Jioni moja muhula huu, wavulana kadhaa wa bweni letu walibishana juu ya vifaru vya vita. Mmoja alisema kwamba kifaru bora ni kile kiendacho mbio kupita vyote. Mwenzake akasema, la, ni kile chenye mzinga mkubwa kupita vyote. Kelele zilikuwa nyingi, wala hapana aliyeshinda. Mimi naona kuwa wote wawili walikosea, nami naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nieleze kwa nini.

Tutazame vita vya nchi yetu wenyewe, Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, vilivyopiganwa katika mkoa ulio jirani yetu upande wa kaskazini. Jeshi letu lilikuwa na vifaru vya Kichina viitwavyo Type 59, na upande wa Idi Amin palikuwa na T-55 vya Kirusi. Hivi ni vya ukoo mmoja: kila kimoja kina uzito wa tani 36 hivi, askari wanne ndani, na mzinga wa milimita 100. Vitabu vyasema kwamba huenda kilometa 50 kwa saa. Ni kweli, lakini hizo ni mbio za barabara ngumu iliyonyoka. Wazazi wetu wanaoikumbuka barabara ya Kibondo hadi Nyakanazi kabla ya lami, lori lilipozama matopeni wakati wa masika, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa tupige hesabu. Jeshi letu liliteka Masaka tarehe 24 Februari 1979, na Kampala ikawa mikononi mwake tarehe 11 Aprili. Kutoka Masaka hadi Kampala ni kilometa 130 hivi. Kwa mbio za kitabuni kifaru kingefika kwa muda usiotimia saa tatu. Jeshi lilitumia siku 46! Sababu zilikuwa nyingi, na si za vifaru peke yake. Lakini yafaa tukumbuke kwamba askari wengi walikwenda kwa miguu, na kifaru kikiwaacha nyuma hubaki peke yake kama mtoto aliyepotea sokoni. Mafuta na makombora nayo huja nyuma kwa malori. Tena njia yenyewe haikubali kila mzigo. Majeshi ya Amin yalipolivunja daraja la Kyaka mwanzoni mwa Novemba 1978, tani 36 hazikuweza kuuruka Mto Kagera. Ilibidi kwanza kutengenezwa njia nyingine ya kuvukia.

Huko Lukaya, Machi 1979, barabara ya Kampala ilipita katikati ya kinamasi. Walibya waliokuja kumsaidia Amin walileta T-55 na mizinga ya roketi, na siku ya kwanza askari wetu wengi walishtuka wakarudi nyuma. Lakini Brigedi ya 208 ilizunguka ikatokea nyuma ya adui, na vita vikageuka. Kifaru kilicho barabarani, kinamasi kulia na kinamasi kushoto, mbio zake zitakifaa nini?

Na shabaha je? Kila mmoja wetu aliyepata kumpiga ndege kwa manati anajua kwamba hupigi huku ukikimbia. Kifaru nacho kikipita juu ya mashimo, mtutu wake hupanda na kushuka. Mpiga mzinga akikosea kwa nyuzi moja tu, kombora lake litapita zaidi ya meta 17 kando ya shabaha iliyo umbali wa meta 1,000. Asiyeamini na atazame jedwali la tanjenti. Zaidi ya hayo, kombora liendalo meta 900 kwa sekunde huhitaji sekunde mbili kufika meta 1,800, hata tusipohesabu kwamba hewa hulipunguza mwendo. Katika sekunde mbili hizo adui aendaye kilometa 36 kwa saa amekwisha sogea meta 20, yaani mara tatu ya urefu wa kifaru chenyewe! Ndiyo maana askari wa zama zile walifundishwa kusimama kidogo, kulenga, kupiga, kisha kuondoka upesi.

Katika vilima kama hivi vyetu vya Kakonko pana taabu nyingine. Mtutu wa T-55 hushuka chini kwa nyuzi tano hivi tu. Kikiwa kileleni na adui yuko bondeni, hakina budi kujitokeza mwili mzima ndipo kiweze kumpiga.

Wapo watakaosema kwamba vifaru vya leo vina kompyuta na hupiga vikiwa mwendoni. Nakubali. Lakini vingi vimekuwa vizito zaidi, na mwaka 2022 huko Ukraine tuliona vifaru vimezama matopeni na vingine vimeachwa njiani kwa kukosa mafuta. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Basi maoni yangu ni haya. Kifaru ni mashine iliyofungwa na njia, na mafuta, na macho ya watu wanne. Kukisifu kwa mbio na mzinga tu ni kuwasahau wale waliokwenda kwa miguu. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1979 sasa amepita miaka 65. Likizo hii, kila mmoja wetu amtafute mzee wa kijijini kwake aliyekuwako vitani, mwanajeshi au mwanamgambo, aketi naye na daftari, amwulize alitembea siku ngapi na alivukaje mito. Walimu wetu wa historia na hesabu wakikubali, tusomeane majibu hayo muhula ujao. Tukichelewa, tutabaki na namba za vitabuni peke yake.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne