Uloto wa Ndugu

Mfuko wa uloto hauna la kushangaza. Ni wa plastiki, umetundikwa kando ya kitanda, na kimiminika chekundu kilichomo mtu angekidhani damu ya kawaida ya kuongezewa. Hushuka tone kwa tone kwenye mshipa, bila kisu wala uzi. Chembe mama zilizomo zinajua njia: huzunguka na damu hadi ndani ya mifupa, zikatulia humo na kuanza kutengeneza damu mpya.

Kabla ya hapo kuna mateso. Mgonjwa hupewa dawa kali za kuua uloto wake wa zamani, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Nywele hunyonyoka, mdomo hujaa vidonda, kinga hushuka hadi mafua tu yanaweza kumuua. Hukaa chumba cha peke yake kwa majuma kadhaa, huku chembe nyeupe zikihesabiwa kila siku: hakuna, hakuna, kisha zinaanza kuonekana. Wapo wasioifikia siku hiyo, na familia inastahili kuambiwa mapema.

Mwaka 1957 daktari Mmarekani E. Donnall Thomas alipochapisha majaribio yake ya kwanza ya kupandikiza uloto kwa wagonjwa sita, hakuna aliyepona. Hakukata tamaa, na mwaka 1990 alitunukiwa Nobel. Leo tiba hiyo hutumika kwa saratani za damu na kwa selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita.

Hapo ndipo Tanzania inapoguswa. Watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu nchini kila mwaka. Hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani, na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kwa watoto wenye selimundu. Zamani safari ilikuwa ya India, kwa wachache wenye uwezo.

Lakini mashine na wataalamu havitoshi pasipo mchangiaji. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu na mgonjwa, na hata mwenye vinasaba vya selimundu asiyeumwa anaweza kuchangia. Kinachozuia wengi ni hofu kwamba sindano huchomwa kwenye uti wa mgongo na mtu atapooza. Si kweli. Uloto huvutwa kwenye mfupa wa nyonga, mchangiaji akiwa kwenye nusu kaputi. Kiuno humuuma siku kadhaa, na mwili hurudisha kilichotolewa ndani ya majuma machache.

Na asiye na ndugu anayelingana naye? Mwaka 1974, Shirley Nolan alianzisha London daftari la wachangiaji wa hiari kwa ajili ya mwanawe, Anthony. Mtoto alifariki mwaka 1979 bila kumpata wa kumfaa, ila daftari limebaki na limeokoa wengine wengi. Kwa daftari la Marekani, Mzungu ana nafasi ya takriban asilimia 79 ya kupata anayelingana naye. Mmarekani mweusi, 29. Vinasaba vya Waafrika vina mchanganyiko mkubwa kuliko vya watu wengine wote, hivyo daftari la ng'ambo halitawafaa watoto wengi wa Tabora au Kisumu. Afrika Mashariki inahitaji la kwake, na serikali zake zilianzishe pamoja.

Wakati likisubiriwa, kliniki za selimundu zinaweza kuanza na waliopo. Mama anapomleta mgonjwa huku dada yake mtu amekaa naye kwenye benchi, huyo dada naye apimwe.