Mafuta ya Bangi kwa Mtoto Mwenye Usonji



Mama wa mtoto mwenye usonji hubeba mzigo mzito. Mtoto halali usiku, au hujigonga kichwa ukutani. Mama akisikia kwamba ng'ambo watoto kama huyo hutulizwa kwa mafuta ya bangi, hujiuliza: nikimpa wangu, je, ni dhambi?

Tusianze kwa kuulaani mmea. Mtume Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Kileo chaweza kuwa tiba, lakini ugonjwa ulijulikana na kiasi kilitajwa.

Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya kanabidioli, kemikali ya bangi isiyolevya. Iliidhinishwa kwa aina mbili za kifafa kikali, na mwaka 2020 ikaongezwa aina ya tatu. Usonji haumo. Uchunguzi umefanyika Israel na kwingineko, ila jibu la uhakika halijapatikana. Hata dawa hiyo iliyopimwa huweza kuleta usingizi, kuharisha, kukosa hamu ya kula na madhara ya ini, hasa mtoto akitumia pia valproate ya kifafa. Mafuta ya kichochoroni hayana kipimo. Yaweza kuwa na THC, kemikali inayolevya, ambayo ni hatari kwa ubongo unaokua. Tena hapa Tanzania sheria inakataza bangi. Mama akifungwa, nani atamlea mtoto?

Dhamiri nayo ina swali lake. Watoto wengi wa namna hii hawawezi kusema, "Mama, nasikia kizunguzungu." Akinyamaza, tutajuaje kama amepata nafuu au amelewa? Na utulivu huo tunamtafutia yeye, au sisi na majirani? Mama aliyechoka hana kosa kutamani kupumzika, lakini uchovu wake usitibiwe kwa kumlevya mtoto.

Mpeleke hospitali kwanza. Asiyeweza kusema akijipiga, huenda jino au sikio linamuuma, au hapati choo. Achunguzwe pia kifafa, maana mara nyingi huandamana na usonji. Kama umeshampa mafuta hayo, mweleze daktari bila kuficha.

Nasi akina mama wa kanisa, tuache kunong'ona habari za mapepo. Tupangiane zamu tumwangalie mtoto huyo, mama yake alale japo saa mbili.