Msaada wa kisheria waishia mlangoni mwa mahakama

LUSHOTO ndiko kilipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1998. Hata hivyo, mkulima wa Milima ya Usambara anayegombea shamba la urithi bila fedha za wakili hulazimika kujitetea mwenyewe.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria. Hao huelimisha na kumwongoza mhusika, lakini hawaruhusiwi kumwakilisha mahakamani.

Pengo hilo limezidi uzito tangu mwaka 2021, mabaraza ya kata yalipoondolewa mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi na kuachiwa usuluhishi pekee. Usuluhishi ukishindikana, shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na rufaa yake Mahakama Kuu, mjini Tanga.

Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, imewafikisha wanasheria vijijini. Lakini kampeni hupita, ilhali shauri la ardhi huweza kuchukua miaka. Mnyonge anahitaji wakili atakayesimama naye hadi siku ya hukumu.