Kifundo Chako Hakijapona, Kimenyamaza Tu

Wacha niseme vile iko. Mtaani, mtu akiteguka kifundo cha mguu, matibabu ni matatu: maji moto ya chumvi, mama wa kukanda, na tembe za maumivu kutoka duka la dawa pale kona. Anachechemea siku nne, tano. Wiki inayofuata yuko kiwanjani, na ukimuuliza anakwambia, "Niko fiti." Mwezi haujaisha, mguu ule ule, upande ule ule, chini tena. Hapo sasa wasee wanaanza uchambuzi: ooh, ana mifupa laini. Ooh, kuna mtu anamwonea wivu. Ooh, huyo ni wa kuumia-umia tu.

Mimi nasema huyo msee hakuwa amepona ile mara ya kwanza. Maumivu yaliisha, basi. Kutoka maumivu kuisha hadi mguu kupona kuna kazi ya wiki kadhaa, na kazi yenyewe ni kuurudishia mguu balansi. Utafiti ulianza kusema hivyo kabla wazazi wetu wengi hawajazaliwa. Sisi bado tunakanda.

Kinachoumia hukioni

Ukikanyaga shimo, ama ukitua juu ya mguu wa beki, unyayo unapinduka kwa ndani na kano za upande wa nje zinavutwa kupita uwezo wake. Kano ni zile kamba ngumu zinazoshikanisha mfupa na mfupa. Hiyo sehemu kila mtu anaijua kwa sababu ndiyo inavimba na kugeuka rangi.

Sehemu ambayo haitajwi ni hii: ndani ya hizo kano na kwenye kiungo chenyewe kuna ncha za neva ambazo kazi yake ni kupeleka habari kwa ubongo. Mguu umeinama kiasi gani, unaelekea wapi, kwa kasi gani. Ubongo ukipata habari, unaamuru misuli ivute kifundo kirudi mahali pake kabla wewe mwenyewe hujajua kuna shida. Ndiyo maana stima zikipotea unaweza kutembea gizani hadi kwa mlango bila kuangalia miguu yako. Mwili unajua uko wapi.

Kano ikichanika, hao wapeleka habari wanaumia nayo. Mwaka wa 1965, Michael Freeman, daktari wa upasuaji wa mifupa kule Uingereza, alichapisha na wenzake kazi kuhusu wagonjwa ambao uvimbe ulikuwa umeisha lakini bado mguu ulikuwa "unawaacha" njiani. Hoja yake ilikuwa kwamba tatizo kubwa ni habari zinazotoka kwenye kiungo kilichoumia. Basi akawaweka wagonjwa kwenye ubao unaoyumba, wasimame hapo, wajifunze upya kujizuia. Waliofanya mazoezi hayo walibaki na mguu wa kuacha-acha mara chache kuliko wenzao. Watafiti waliokuja baadaye wameongeza mengi: wanasema ubongo wenyewe hubadilika, na hata misuli ya nyonga huanza kufanya kazi tofauti. Lakini mlango ulifunguliwa hapo, 1965.

Huniamini? Jipime sai. Simama karibu na ukuta. Inua mguu mzima, usimame kwa ule uliowahi kuteguka. Sekunde 30. Sasa funga macho. Halafu badilisha mguu ulinganishe. Ukiona mguu mmoja umetulia na mwingine unacheza kama antena ya redio, umepata jibu ambalo mafuta ya kukanda hayajawahi kukupa. Ukifunga macho unaondoa msaada wao, na mzigo unabaki kwa sikio la ndani na hizo neva za miguu. Hapo ndipo uongo wa "niko fiti" unatoka.

Nambari hizi hapa

Najua mtasema hizi ni story za msee wa video. Sawa, tuhesabu pamoja.

Uholanzi, 2004. Watafiti walichukua timu 116 za voliboli, wachezaji zaidi ya 1,100. Timu zingine zilifanya mazoezi ya ubao wa balansi msimu mzima, zingine ziliendelea kama kawaida. Faida ilionekana kwa wachezaji ambao walikuwa wameshawahi kuteguka. Yaani dawa ilimfaa zaidi yule yule ambaye mtaani tunamwita wa kuumia-umia. Na ili nisiwafiche kitu: wachezaji waliokuwa na historia ya kuumia goti walipata shida zaidi ya goti la kutumika kupita kiasi. Kwa hivyo kama goti lako lina kesi yake ya zamani, anza polepole na umwone fizio.

Uholanzi tena, 2009. Wanamichezo 522 ambao walikuwa wametoka tu kuteguka. Wote walipata matibabu yao ya kawaida. Nusu hivi wakaongezewa mazoezi ya balansi ya kufanya nyumbani, wenyewe, bila mtu wa kuwasimamia: wiki 8, mara 3 kwa wiki, dakika zisizozidi 30. Baada ya mwaka mmoja, kwa wale ambao hawakuongezewa kitu, 33 kati ya kila 100 walikuwa wameteguka tena. Kwa wale wa mazoezi, 22 kati ya kila 100. Soma hiyo tena. Hakukuwa na mashine wala upasuaji. Ni watu wamesimama kwa mguu mmoja sebuleni kwao.

"Lakini hao ni wazungu, wanacheza kwa sakafu ya mbao na nyasi kama zulia." Poa. Twende Lagos. Mwaka wa 2014, watafiti wa Nigeria walichapisha matokeo ya timu 20 za vijana wa miaka 14 hadi 19, wachezaji 416. Timu za upande mmoja zilitumia FIFA 11+, ile programu ya kupasha mwili joto ya kama dakika 20 yenye kukimbia, kuimarisha misuli, kuruka na kutua, na kusimama kwa mguu mmoja. Majeraha yalipungua kwa asilimia 41. Ya miguu yakapungua kwa asilimia 48. Lagos hiyo, jua kali na vijana kama sisi. Kifaa cha lazima ni mpira.

Sasa niambie ni kocha gani wa mtaa wako anayefanya hizo dakika 20.

Kocha, hii ni yako

Nawaheshimu makocha wa mtaa. Wengi wenu hamlipwi, mnanunua mipira na pesa zenu, na mmewatoa vijana wengi mahali pabaya. Lakini raundi tano za kiwanja na kunyoosha misuli dakika mbili si maandalizi. Na ile ya kumwambia kijana anayechechemea "wacha ubebi, funga bandeji uingie" ni kumchezea maisha.

Kwenye ploti yetu kuna kijana wa miaka 17, winga, mbio kama nduthi isiyo na breki. Shule moja ilikuwa imemwahidi nafasi na karo kwa sababu ya boli. Akateguka. Hospitali alikoenda ilimpiga eksirei, ikamwambia hakuna kilichovunjika, ikampa tembe na bandeji, aende nyumbani. Hakuna aliyemwambia asimame kwa mguu mmoja. Hakuna aliyetamka neno fiziotherapia. Mathe wake akamtafutia mkandaji. Mwaka huo aliteguka mara tatu, na siku ya majaribio ya ile shule alikuwa amekaa kwa benchi na soksi mbili kwa mguu mmoja. Nafasi ilienda kwa mwingine. Hakuna mtu aliyelaumiwa. Ilisemwa ni bahati mbaya.

Mimi nakataa hilo neno bahati. Kitu ambacho kinaweza kupunguzwa kwa dakika 30 mara tatu kwa wiki hakifai kuitwa bahati.

Na gharama haiishii kwa boli. Tafiti zinataja kwamba hadi watu 40 kati ya 100 wanaoteguka hubaki na kifundo kisichotulia kwa muda mrefu. Kifundo kikiendelea kupinduka, gegedu la ndani linasagika, na sehemu kubwa ya baridi yabisi ya kifundo huanzia kwa majeraha ya zamani. Fikiria wewe ni konda wa kuruka na kudandia nganya ikitembea. Ama unabeba mizigo Gikomba. Ama unaendesha boda na huo mguu ndio unashika pikipiki ikisimama. Kifundo ndicho kitambulisho chako cha kazi.

Majibu ya komenti kabla hazijaingia

"Mkandaji alitibu babu zetu." Sina vita na mama wa kukanda. Mkono mwororo unatuliza, na kutulia ni kitu. Lakini siku mbili tatu za kwanza, joto na kukandwa kwa nguvu kunaweza kuongeza uvimbe. Na yule anayevuta mguu "kurudisha mfupa" bila kujua kama umevunjika anacheza kamari na mguu ambao si wake. Zaidi ya hayo, hakuna mafuta ambayo yanafundisha neva kazi. Neva hufundishwa kwa kufanya.

"Fizio ni ya matajiri." Hospitali nyingi za kaunti zina idara ya fiziotherapia, na tangu 2014 kuna sheria ya Kenya inayosimamia kazi yao na baraza linalowasajili. Shida ni kwamba kijana aliyeteguka anatibiwa, anaruhusiwa, na hakuna anayemwelekeza mlango wa pili. Uliza wewe. Sema hivi: "Daktari, naomba nielekezwe kwa fizio." Na kama nauli na foleni zimekushinda, rudi kwa ile hesabu ya 2009. Wale watu walifanyia mazoezi nyumbani.

"Wewe uliacha chuo, utatufundisha nini?" Niliacha, ndiyo. Karo ilinishinda. Lakini ile karatasi ya 2009 iko wazi kwenye intaneti, hulipi kitu, bando ya mbao inaifungua. Wenye digrii mko wengi, mbona hamkutuambia? Hapa ndipo nawageukia watafiti na watu wa afya. Mnaandika, mnachapisha, mnapongezana kwa mikutano ya hoteli, halafu maneno yanabaki kwa Kiingereza cha kuvunja meno. Kocha wa Dandora atayapata wapi? Kama habari haijafika Koth Biro pale Ziwani, ambapo mamia wanasimama kando ya uwanja kutazama boli, kwangu mimi bado iko kabatini.

Fanya hivi

Kwanza, jua wakati wa kwenda hospitali. Kuna kanuni ambazo madaktari wa Ottawa, Kanada, walizitoa mwaka wa 1992, na zinatumika hadi leo. Kama huwezi kupiga hatua nne, pale ulipoumia na hata ukifika hospitali, unahitaji eksirei. Ama ukibonyeza mifupa miwili iliyotokeza pande za kifundo, kwa nyuma au kwenye ncha yake, unaruka kwa uchungu. Ama uchungu wa kubonyeza uko kwenye mfupa wa ukingo wa nje wa unyayo, ama ule wa upande wa ndani mbele ya kifundo. Hapo usijifanye daktari.

Kama si hivyo: siku za kwanza funga bandeji, inua mguu, weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa ikikusaidia na maumivu. Anza kukanyaga polepole kadiri unavyoweza. Kulala na mguu wiki tatu bila kuusogeza hakusaidii.

Ukiweza kusimama bila uchungu mkali, kazi inaanza. Mguu mmoja, macho wazi, sekunde 30, mara tatu. Ikizoeleka, funga macho. Ikizoeleka, simama juu ya mto ama blanketi lililokunjwa. Ikizoeleka, rusha mpira ukutani na uudake ukiwa bado kwa mguu mmoja. Mwisho kabisa, ruka kidogo, tua kwa mguu mmoja, ganda hapo kama sanamu. Mara tatu kwa wiki, wiki nane. Usiruke hatua kwa sababu unataka mechi ya Jumapili.

Na ukiwa hapo, mwite shosho asimame karibu na meza afanye naye, huku umemshika. Kule New Zealand, wanawake wa miaka 80 na zaidi walipewa mazoezi ya nguvu na balansi ya kufanya nyumbani, na wakaanguka mara chache kuliko wenzao. Matokeo yalichapishwa 1997. Shosho akianguka na kuvunjika nyonga, familia nzima inaingia kwa harambee. Mazoezi hayana mchango.

Kwa hivyo naomba kitu kimoja. Mtagi kocha wako hapa chini. Mtagi nahodha, mtagi yule beste yako wa bandeji ya milele. Makocha, dakika 20 kabla ya kila mazoezi, muanze wiki hii. Wahudumu wa afya, mtu asitoke kwenu na kifundo kilichofungwa bila kuambiwa asimame kwa mguu mmoja. Na kama unataka kunitusi kwa komenti, karibu sana, ila uandike ukiwa umesimama kwa ule mguu wako wa "niko fiti," macho yamefungwa. Tuone utafika nukta.