Barabara Kasongo–Kabambare: watuhesabie kilometa, si hotuba

Kila mara mashini inapita kukwangua udongo upande wa Kasongo na Kabambare, tunaambiwa kazi inaendelea. Sisi wa Salamabila na Namoya tunauliza: mifereji ya maji iko wapi? Mvua yetu inaanza mwezi wa tisa, inaachia wa tano. Bila mifereji, barabara ya leo kesho ni mto. Kamio inalala kwa potopoto siku na siku, chumvi na mafuta vinafika sokoni kwa bei ya kulia, mama wa mimba anabebwa kwa moto. Hiyo ndiyo tuite maendeleo?

Feza iko, tusidanganyane. Sheria ya madini ya 2018 inaomba kampuni ilipe 3,5% juu ya dhahabu. Ndani ya ile redevance, 25% ni ya provensi, 15% ni ya sekta ao shefferi kwenye wanachimba. Tena kampuni inapashwa kutoa 0,3% ya mauzo yake kwa kazi za jamii. (Mchimbaji wa mkono naye analipa, kwa kila bariyeri, bila karatasi.)

Basi tunaomba wakubwa wa teritware zote mbili: kila mwezi mubandike kwa ukuta wa ofisi kilometa ngapi zimemalizika pamoja na mifereji yake, madaraja gani yametengenezwa, feza gani imetumika. Kusafisha mifereji kwa salongo, sisi tuko tayari. Lakini ichimbwe kwanza.